Mita inafika kwapani: kufundisha vipimo darasa la tano

Mtoto wa darasa la tano anaweza kukuimbia jedwali la vipimo bila kumeza mate: kilomita, hektomita, dekamita, mita, desimita, sentimita, milimita. Muulize penseli yake ina urefu gani, atakuandikia mita 15 na kukutazama kwa utulivu kabisa. Mpe mita 3.5 abadili kuwa sentimita, nukta ataihamisha vizuri na jibu litakuwa sahihi. Tatizo lake halipo kwenye hesabu. Hajui mita ni kubwa kiasi gani, kwa hiyo mita 15 na sentimita 15 kwake ni majina mawili tu yanayofanana.

Nafundisha Sayansi na Teknolojia katika shule ya msingi mkoani Njombe, huku kwenye baridi na viazi mviringo. Wanafunzi wangu wengi ni watoto wa wakulima, na vipimo walishavizoea nyumbani kabla ya kuvikuta shuleni: debe, kisado, gunia, heka, dumu, kizibo. Vitabu huanza na jedwali, likafuatiwa na mazoezi ya kuhamisha nukta, mwisho kabisa, muda ukibaki, mtoto anashikishwa rula. Mimi jedwali naliweka mwisho. Wenzangu wengine hawakubaliani nami, maana mtihani unauliza jedwali, lakini sijaona mtoto anayejua ukubwa wa vitu akashindwa na jedwali. Kinyume chake nimekiona sana.

Tunaanza na kukisia. Sharti langu ni moja: hakuna kupima kabla ya kukisia, na makisio yanaandikwa kwa kalamu ya wino ili yasifutwe. Mlango una urefu gani? Dawati lina upana gani? Kutoka hapa hadi mlingoti wa bendera ni mita ngapi? Mwanzoni majibu yanachekesha. Kuna aliyeandika mlango una mita 20, jirani yake akaandika nusu mita. Simkosoi yeyote. Wanapima, wanaandika kipimo pembeni ya makisio, tunakwenda kitu kingine. Ukiendelea hivyo, tofauti kati ya safu mbili za daftari inapungua yenyewe, na watoto wanaanza kuionea fahari ile safu ya makisio kuliko ile ya vipimo.

Ili akisie vizuri, mtoto anahitaji mahali pa kushika. Kwa hiyo kila mmoja anatafuta vipimo kwenye mwili wake. Ukucha wa kidole kidogo kwa wengi wao unakaribia sentimita moja. Shibiri ni kama sentimita 16 au 17, inategemea mkono. Mita, ukiisimamisha chini, kwa mtoto wa umri huo inafika kwapani. Hiyo ya kwapani haisahauliki. Nimewakuta uwanjani wakibishana kuhusu urefu wa goli, mmoja kajisogeza kwenye mlingoti, kanyanyua mkono, anahesabu makwapa kwenda juu.

Vijiti vya mita tunatengeneza wenyewe kwa mianzi, ambayo huku haina bei. Kila kikundi kinaleta kipande kilichopasuliwa na kulainishwa, tunakikata, tunakitia alama ya wino kila sentimita na mkato wa msumeno kila desimita. Kazi hiyo inakula vipindi, na mwalimu wa zamu hupita dirishani akidhani tunasuka vikapu. Ila aliyechora alama mia moja kwa mkono wake haulizi tena mita moja ina sentimita ngapi. Na desimita, ambayo kwenye jedwali ni jina la kupita tu kwa kuwa hakuna mtu anayeitumia mtaani, hapa inakuwa kitu: ni ule mkato wa msumeno, na baadaye itatufaa sana.

Alama tunazihamisha kutoka kwenye futikamba ya fundi cherehani, na hapo huzuka ugomvi mzuri. Futikamba ya kitambaa ikizeeka inavutika. Ukiilaza sambamba na tepu ya chuma ya seremala, unaweza kuona zimeachana karibu sentimita nzima kabla hazijafika mwisho. Watoto wanataka kujua ipi ni kweli. Nawaambia waendelee kuuliza, jibu ni refu. Rula zilizovunjika nazo nazipenda kuliko nzima: ukimpa mtoto rula inayoanzia kwenye 4, hawezi kusoma namba ya mwisho na kukaa. Lazima ajue kwamba urefu ni umbali kati ya alama mbili.

Tukitoka darasani tunakwenda kwenye heka. Kwetu, kama kwingi nchini, heka, yaani ekari ya mtaani, ni hatua 70 kwa hatua 70. Watoto wote wanalijua hilo, maana likizo huwa wanasimama pembeni baba zao wakimpimia kibarua. Nikawaambia wapime kwa miguu yao kwenye uwanja wa shule, kisha wapime hatua zao kwa vijiti vya mianzi. Hatua ya mtoto wa miaka 11 ilikuwa kama sentimita 60. Mara 70 ni mita 42, na 42 kwa 42 ni mita za mraba 1,764. Ekari halisi ni mita za mraba 4,047 hivi. Yaani heka ya mtoto haifiki hata nusu ya ekari. Mtu mzima anayetembea kawaida, hatua ya sentimita 75, anapata mita za mraba 2,756, kama theluthi mbili. Ili hatua 70 zikupe ekari kamili, kila hatua iwe sentimita 91, na hiyo si hatua ya kutembea, ni ya kuruka mfereji.

Darasa likachangamka. Mmoja akasema, "Basi mwalimu, ukitaka kukodi shamba umtafute mtu mrefu akupimie, ukitaka kulima kibarua upime mwenyewe na mguu mfupi." Sikuwa na la kuongeza. Niliwaonyesha tu kwamba mbolea nayo inaandikwa kwa ekari au kwa hekta, na kwamba hekta ni mita 100 kwa mita 100, karibu ekari mbili na nusu. Anayesikia redioni kiwango cha hekta akakimwaga kwenye heka yake ya hatua 70 anamwaga mbolea mara tatu au nne ya inayotakiwa.

Kisha uzito. Kilo ni rahisi kuifundisha kwa mikono kuliko kwa maneno. Chupa ya lita moja ya maji ni kilo moja, ukiacha uzito mdogo wa plastiki yenyewe. Mtoto anaishika mkono mmoja, mkono wa pili anashika jiwe, kiazi kikubwa, begi la mwenzake, anasema kipi kizito. Kuhakikisha tulitumia mizani ya kuning'iniza, ile ya kliniki ambayo wadogo zao huvishwa kaptula na kuning'inizwa wakilia. Wote wanaijua, wote waliwahi kulia humo. (Lita nayo waliijua vizuri kabla yangu. Nilipouliza wameiona wapi, kundi la nyuma likajibu kwa pamoja kwamba ulanzi, pombe ya mianzi, unauzwa kwa lita. Sikuchimba zaidi.)

Kwenye mizani hiyo tulipima kisado cha viazi. Kwanza kisado kilichojazwa usawa wa mdomo, halafu kisado kilekile kikiwa na kilima juu, kama mnunuzi anavyotaka. Kilima peke yake kilikuwa na kilo moja na ushee. Kutoka kisado hadi gunia si mbali. Gunia la lumbesa kila mtoto hapa amelishuhudia: linajazwa hadi mdomoni, kamba inafumwa juu, viazi vinaongezwa hadi gunia linaota kichwa, na bei inabaki ya gunia moja. Msichana mmoja, ambaye kwa kawaida haongei, akauliza: "Mwalimu, kwa nini baba anauza kwa gunia, halafu tajiri akifika mjini anauza kwa kilo?"

Swali hilo ndilo lililonipa njia ya kuwapeleka Ufaransa. Hapo zamani kila mji kule ulikuwa na vipimo vyake, na jina moja lingeweza kumaanisha ujazo mmoja hapa na mwingine bonde la pili. Mwaka 1789, mfalme alipotaka wananchi waandike malalamiko yao, wakulima wengi waliandika habari za vipimo. Bwana mwenye ardhi alipokuwa akipokea nafaka ya kodi, kipimo chake kilikuwa kikubwa, au kilijazwa kilima. Kipimo alichotolea kilikuwa kingine. Darasa zima likasema kwa sauti moja: lumbesa! Nikaona sina haja ya kueleza zaidi.

Ndipo wanasayansi wa huko walipoamua kutafuta kipimo kisicho cha bwana yeyote, wakakitafuta kwenye dunia yenyewe. Mita iwe sehemu moja ya milioni kumi ya umbali kutoka Ncha ya Kaskazini hadi Ikweta. Wanaastronomia wawili, Delambre na Méchain, wakatumwa kupima, kutoka Dunkerque kaskazini hadi Barcelona kusini, kazi iliyoanza mwaka 1792 na kuendelea hadi 1798, mapinduzi yakiwaka pande zote. Delambre alikamatwa njiani; watu waliona mitambo yake wakadhani ni mpelelezi. Kilo nayo wakaitoa kwenye mita: uzito wa maji yanayojaza mchemraba wa desimita moja kila upande. Mwaka 1799 fimbo ya mita na jiwe la kilo, vyote vya platinamu, vikawekwa kwenye hifadhi ya nyaraka jijini Paris. Tarehe 20 Mei 1875 nchi 17 zikatia saini mkataba wa kutumia vipimo hivyo kwa pamoja.

"Na ile kilo ikichakaa?" Hilo aliuliza mvulana aliyekuwa bado anawaza ile futikamba iliyovutika. Nilifurahi, maana ndilo swali lililowasumbua wataalamu wenyewe. Kilo iliyotengenezwa baadaye na kuanza kutumika mwaka 1889 ililinganishwa na nakala zake, ikaonekana kwamba kwa miaka mia moja hivi zimeachana kwa kama mikrogramu 50. Ni kidogo mno, lakini nani mwenye kosa, mama au watoto? Toka tarehe 20 Mei 2019 kilo haitegemei tena kipande cha chuma. Inatolewa kwenye namba ya maumbile isiyobadilika. Mita ilitangulia mwaka 1983, inatolewa kwenye mwendo wa mwanga. Kwa darasa la tano nakomea hapo.

Nikarudi kwa yule msichana. Sheria ya Vipimo ya Tanzania, Sura ya 340, ipo, na lumbesa ni kosa. Wakala wa Vipimo hukagua mizani na pampu za mafuta na kuzibandika stika. Nikawapa kazi ya nyumbani: tazama mizani ya duka la kwenu kama ina stika, na usome ni ya mwaka gani. Wenye maduka wachache waliniuliza nawafundisha nini watoto hawa.

Kipimo kidogo ndicho kigumu. Gramu moja hauisikii mkononi, mililita moja huioni vizuri. Kilichosaidia ni bomba la sindano lisilo na sindano, jipya, la duka la dawa za mifugo. Nyumbani dawa ya ukungu wa viazi hupimwa kwa vizibo: vizibo viwili kwa bomba moja la mgongoni. Kizibo cha nini, hakuna anayesema. Tukakusanya vizibo safi vya chupa za maji, juisi na mafuta ya kupikia, tukavijaza maji kwa bomba la sindano tukihesabu mililita. Kikubwa kilibeba karibu mara mbili ya kidogo. Vizibo vya dawa yenyewe nilikataza visiletwe shuleni, na hilo nilirudia zaidi ya mara moja.

Hadi hapo ni mstari na uzito. Kazi kubwa iko kwenye mraba na mchemraba, na hapa ndipo hata wanafunzi wa sekondari hujikwaa. Mita ina sentimita 100, kwa hiyo mita ya mraba ina sentimita za mraba 100. Kila mtoto atakujibu hivyo. Chora mita ya mraba sakafuni kwa chaki, uwape wajaze vijikaratasi vya sentimita moja kwa moja. Wanapanga mstari wa kwanza, vijikaratasi 100. Wanatazama nafasi iliyobaki. Kuna ukimya, kisha mmoja anaanza kucheka. Elfu kumi.

Mchemraba wa desimita tunaukunja kwa karatasi ya manila na kuufunika nailoni kwa ndani. Maji ya chupa ya lita moja yanaingia yote na kufika ukingoni. Wanaojua kwamba lita ni kitu cha kununulia na desimita ni kitu cha jedwali wanashangaa kuviona vimekutana. Kisha tunafunga vijiti kumi na viwili vya mianzi kwa kamba na kupata fremu ya mita moja ya ujazo. Wanaingia ndani, wanajibana, wanatoka. Humo mnaingia lita 1,000, madumu 50 ya lita 20. Mwenye bomba nyumbani alileta ankara ya maji, tukaisoma: yuniti moja ya maji ndiyo hii fremu. Mtoto anayebeba ndoo kutoka mtoni alihesabu haraka kuliko wote itamchukua safari ngapi.

Halafu ikanyesha. Nilikuwa nimesubiri mvua za Desemba kwa makusudi. Nje tulikuwa tumeweka kopo lenye pande zilizonyooka, na kazi ya zamu ilikuwa kusoma kina cha maji asubuhi kwa rula. Asubuhi hiyo kulikuwa na milimita 18. Swali: milimita 18 za mvua ni maji kiasi gani? Chukua mita ya mraba ile ya chaki, imwagie maji yenye kina cha milimita moja. Sentimita za mraba 10,000, kila moja na sehemu ya kumi ya sentimita ya maji, ni sentimita za ujazo 1,000. Ni lita moja. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, na hiyo lita ni kilo moja. Niliwaacha waifikie wenyewe, na walipoifikia sikuwa na haja ya kusifia mfumo wa metriki.

Wakapima paa la jengo la madarasa, upande unaomwaga maji kwenye mfereji wa bati. Wakapima wakiwa chini, maana kinachokusanya mvua ni eneo la ardhi lililofunikwa na paa. Mteremko hauongezi kitu. Mita 24 kwa 4.5, mita za mraba 108. Mara 18: lita 1,944. Tukaenda kwenye tenki. Tulikuwa tumetia alama usawa wa maji jioni yake, tukapima maji yalivyopanda, tukakokotoa ujazo. Lita 1,500 na kidogo. Zaidi ya lita 400 hazionekani.

Hapo sikufundisha tena. Walibishana wao. Kuna aliyesema kopo letu linadanganya, aliyesema bati hunywa kwanza ndipo limwage, aliyesema tumekosea eneo, wakaenda kulipima upya. Wawili wakazunguka nyuma ya jengo na kurudi wakikimbia: kwenye kiungo cha mfereji ukuta umelowa kuanzia juu hadi chini, na ardhi imechimbika shimo. Mfereji ule ulikuwa ukivuja muda mrefu, sote tukipita pale. Fundi aliitwa wiki hiyohiyo.

Jedwali lilikuja baada ya hayo yote, na halikuchukua muda. Kilichobaki ni uandishi. Kwenye vitabu vya Kiswahili sentimita tunaifupisha kwa sm. Wakifika kidato cha kwanza wataikuta cm, nawatahadharisha mapema. Nawaambia pia kg haina wingi, hata kama mifuko ya saruji mjini imeandikwa kgs.

Swali la mwisho la mada hiyo lilihusu saa. Kama kila kitu kinakwenda kwa kumi kumi, mbona dakika ni 60? Nikawaambia Wafaransa walijaribu hilo pia. Mwaka 1793 waliagiza siku iwe na saa 10, saa iwe na dakika 100, dakika iwe na sekunde 100. Watu hawakuizoea, na sheria ileile ya tarehe 7 Aprili 1795 iliyoweka mita na gramu ikaiahirisha bila kutaja tarehe ya kuirudia. Wakataka kujua kipindi chetu cha dakika 40 kingekuwaje. Dakika yao ilikuwa sekunde 86.4, tukazidisha ubaoni: karibu dakika 58 za kwetu.

"Afadhali walishindwa, mwalimu," akasema wa dawati la mbele, na kengele ya mapumziko ikagongwa.